Fomula ya OpenRefine ikilalamika, shukuru, ikinyamaza, chunguza

Kazi yangu hapa Kisumu ni kusafisha data za watu: madaftari ya mabanda ya samaki yaliyochapwa upya kwenye Excel, orodha za maziwa kutoka pande za Njoro na Molo, fomu za mradi huu na ule. Nyingi nazipitisha kwenye OpenRefine, programu iliyoanza mwaka wa 2010 kwa jina la Freebase Gridworks, ikawa Google Refine, na kuanzia 2012 ikapata jina la sasa. Ni ya bure. Inafunguka kwenye kivinjari, lakini anayefanya kazi ni kompyuta yako mwenyewe, kwa anwani ya 127.0.0.1:3333, hivyo bando likiisha unaendelea tu.

Wengi wanaonitafuta wamekwama kwenye fomula za GREL, lugha ya fomula ya OpenRefine, na karibu wote wanaogopa maandishi ya kosa yanayotokea chini ya kisanduku cha fomula. Hayo ndiyo ya kuogopwa kidogo kabisa. Yanakuja na namba, na hiyo namba ni mahali ndani ya fomula ambapo programu ilishindwa kuendelea kusoma. Hesabu inaanzia 0. Tuseme umeandika:

value.replace(“kilo”, “kg”)

na unaambiwa tatizo liko nafasi ya 14. Hesabu: `value.replace(` ina herufi 14, kuanzia 0 hadi 13. Kwa hiyo ya 14 ni ile alama ya kunukuu baada ya mabano. Itazame vizuri: imepinda. Fomula ilinakiliwa kutoka Word, au iliandikwa kwenye simu inayopenda kurembesha alama, na GREL inakubali zilizonyooka peke yake. Futa, andika upya kwa kibodi, kwisha. Namba ikielekeza mwisho kabisa wa fomula, mara nyingi umefungua mabano mahali fulani ukasahau kuyafunga.

Kuna kosa jingine la aina hii ambalo sisi wa huku tunalipata sana kwa sababu ya jinsi tunavyoandika bei. Karani anaandika "Omena debe 3, 1,450/=". Wewe unataka ile bei, unaandika:

value.match(/([\d,]+)/=/)

Kilicho ndani ya `match` ni ruwaza (regex), yaani maelezo ya umbo la maandishi unayotafuta; hapa ni tarakimu na mikato ikifuatwa na "/=". GREL hufungua na kufunga ruwaza kwa mkwaju (/). Ikifika kwenye mkwaju wa "/=" inadhani ruwaza imeisha, na kilichobaki inakiona takataka. Tanguliza mkwaju wa nyuma kabla yake, `\/=`, nayo itaelewa kwamba huo ni sehemu ya maandishi. Tarehe za 12/3/2023 zina shida hiyo hiyo na dawa hiyo hiyo.

Ukisharekebisha, fomula inakubaliwa, lakini kwenye onyesho la majaribio kila mstari unasema `null`. Hapa ndipo mambo yanapoanza kuwa mazito, maana hakuna kosa lililoripotiwa. `match` haitafuti kipande ndani ya maandishi; inataka ruwaza ieleze seli nzima, mwanzo hadi mwisho. "Omena debe 3," haimo kwenye ruwaza yako, basi jibu ni hakuna. Iandike hivi:

value.match(/.*?([\d,]+)\/=.*/)[0]

Zile `.*` za pande zote mbili zinameza yasiyokuhusu. `[0]` nayo inahitajika kwa sababu `match` inarudisha orodha ya vipande vilivyo kwenye mabano, na seli haiwezi kuhifadhi orodha. Ukipenda njia fupi, kuna `find`, ambayo kweli inatafuta ndani: `value.find(/[\d,]+\/=/)[0]` itakupa "1,450/=" na utaondoa mkia baadaye. Mimi hutumia `find` kuchunguza na `match` kwa kazi yenyewe.

Sasa uzito wenyewe. Chini ya fomula kuna chaguo la nini kifanyike kosa likitokea: seli ibaki ilivyokuwa, iachwe wazi, au kosa liandikwe ndani yake. Kawaida imewekwa ibaki ilivyokuwa, na watu wanajiona wako salama. Hawako. `null` si kosa. Ni jibu halali, na programu italiandika kwa utiifu wote. Chukua kolamu yenye mistari hii:

Mbuta 12.5kg Dunga
mbuta-8 kg
Mbuta 6KG
Omena debe 3

Ukiibadilisha papo hapo kwa `value.match(/.*?(\d+(\.\d+)?)\s*kg.*/)[0]`, utapata 12.5 na 8, halafu seli mbili tupu. Ya tatu imeangushwa na herufi kubwa, ambayo `(?i)` mwanzoni mwa ruwaza ingeitibu. Ya nne haikuwa na kilo tangu awali, na sasa hata debe zake hazipo. Kama faili ina maelfu ya mistari, onyesho linakuonyesha michache ya juu tu, na ikiwa hiyo yote ni ya mbuta utaondoka umeridhika.

Kwa hiyo sibadilishi kolamu ya asili. Natengeneza kolamu mpya kutokana nayo, kisha nachuja kolamu mpya kwa seli zilizo wazi na kusoma mistari ya asili iliyobaki kando yake. Mistari hiyo ndiyo inayonifundisha ruwaza inayofuata. Chaguo la kosa naliweka liandikwe ndani ya seli, maana kuna mchujo wa makosa pia. Aliyeshapoteza kolamu, asilie: historia ya hatua imo ndani ya mradi, unarudi nyuma.

Ukitaka hiyo 1,450 iwe namba, `toNumber()` itaikataa kwa sababu ya mkato, tanguliza `.replace(",", "")`. Angalia usiandike `/./` pale unapotaka kuondoa nukta: kwenye ruwaza nukta ni herufi yoyote, na seli itafutika yote. Kinyume chake pia hutokea: seli ya rangi ya kijani tayari ni namba, si maandishi, na `value.length()` itagoma mpaka upitie `value.toString()`. Namba za simu zikiwa za kijani, sifuri ya mbele imeshapotea wakati wa kupakia. Pakia upya bila kuruhusu programu igeuze maandishi kuwa namba.

Tarehe: `toDate("dd/MM/yyyy")`, MM kubwa. Ndogo ni dakika, na mavuno yako yote yatahamia Januari.

Saa ndizo zinazonishinda kwa fomula. Karani akiandika "2:00 asubuhi" amemaanisha saa mbili, yaani 8:00 ya mashine, lakini mwenzake wa zamu ameandika "8:00 asubuhi" kwa samaki wale wale. Ruwaza inazikubali zote mbili bila tatizo. Hapo nampigia simu msimamizi wa banda.