Eti "kila likizo mnarudi palepale?" Maneno ninayoyasikia sana, na ukweli wenyewe

Mimi ni mama wa watoto wawili, binti wa miaka 9 na mvulana wa miaka 4. Nafanya kazi ofisi ya kutoa makontena bandarini na baba yao anaendesha trela la Kampala, kwa hivyo siku ambazo sote wanne tuko nyumba moja hapa Mombasa ni za kuhesabu. Zikipatikana tunatoka, na tunarudi kulekule, magofu ya mji wa kale wa Gede karibu na Malindi, bustani ya wanyama ya Haller Park, Ngomeni yaani Fort Jesus, ufuoni Nyali, mwaka nenda mwaka rudi. Majirani na jamaa wana mengi ya kusema juu ya hilo, mengine wanayasema kwa mapenzi kabisa, lakini si kweli, na leo nataka niyajibu.

Eti ukishaenda mara moja, umemaliza

Hii ndio inayoniuma zaidi. Gede nimempeleka binti yangu mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na miaka 3, alichokiona ni kima tu, akaning'ang'ania buibui mpaka tukatoka getini. Alipokuwa na miaka 6 akawa anakimbia chumba hadi chumba kutafuta visima, kila akipata kimoja ananiita nije nichungulie. Mwaka huu akasimama mbele ya lile kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, akanyamaza kabisa, manake chuoni, yaani madrasa, wanafundishwa kalenda ya Hijria na anajua sasa tuko elfu moja mia nne na kitu, akahesabu kwa vidole halafu akaniambia mama, hii ni zaidi ya miaka mia sita! Na ni kweli, 802 ni sawa na 1399. Mimi sikumsaidia hata kidogo. Lile kaburi lilikuwa papo hapo siku alipokuwa amejificha kwenye buibui langu, ila hakuwa na la kuliuliza. Sasa niambieni ningemaliza vipi mara ya kwanza.

Eti Gede ilijengwa na Waarabu

Hii nimeisikia hata ndani ya matatu ya Malindi, mtu mzima anamweleza mwenziwe. Gede ni mji wa Waswahili, watu wa pwani hii hii, waliojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wakawa na misikiti, visima, vyoo vya ndani, na wanafanya biashara na dunia nzima ndio maana pale zikafukuliwa sahani za kaure kutoka China. Biashara na ndoa na watu wa ng'ambo zilikuwepo ndio, hilo hakuna anayelikataa, lakini mji ni wetu. Ulianza kama karne ya 12 na ukahamwa karne ya 17, na sababu zinazotajwa ni zaidi ya moja: maji kupungua visimani, vita, na Wareno kuvuruga biashara ya pwani. Mimi nataka wanangu wakue wakilijua hili, wasije wakaambiwa siku moja kwamba wazee wao hawakujenga kitu.

Eti mtoto mdogo hakumbuki, unapoteza nauli

Hapa kuna ukweli nusu. Watu wazima wengi hatukumbuki karibu chochote cha kabla ya miaka mitatu hivi, sawa. Lakini mtoto akiwa bado mdogo hukumbuka mambo ya miezi mingi nyuma, ni baadaye ndio yanafutika, na lugha na uzoefu alioupata haupotei pamoja nayo. Mvulana wangu alilisha twiga Haller Park akiwa na miaka 3, na mpaka leo, karibu mwaka mzima, akioga ananyoosha kiganja anasema "hapa ndio twiga alinilamba." Bas, kwangu inatosha.

Na hiyo Haller Park nayo watu hudhani ni msitu wa asili uliozungushiwa ua. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mawe matupu, jua kali na maji ya chumvi chini. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, akaanza kujaribu miti, mingi ikafa, mivinje ikashika. Lakini majani ya mivinje yalikuwa yanalundikana chini bila kuoza, hapo yakaletwa majongoo, yale makubwa tunayoyaruka njiani, yakala yale majani na ndio udongo ukaanza kupatikana. Binti yangu tangu asikie hayo hakanyagi jongoo, na nduguye akitaka kulichokoa na kijiti anamkataza. Kiboko mchanga aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akaandamana na kobe mzee kama mamake, naye alikuwa hapohapo.

Eti Fort Jesus ni ya watalii

Wazee wa Mji wa Kale wengine mpaka leo wakiitaja wanakumbuka jela, manake kuanzia 1895 hadi 1958 ilikuwa gereza la serikali ya kikoloni, na ikawa makumbusho 1960. Wareno waliijenga kuanzia 1593. Kwa hivyo hapo kuna historia ya familia za hapa hapa mjini, na mkaazi halipi kama mgeni, beba kitambulisho. Sisi tunakwenda asubuhi kabla jua halijakaza, tukitoka tunatafuta mahamri na mbaazi.

Eti bahari ni ileile tu

Si ileile. Ukiwa na watoto angalia mwezi, mwezi mpya na mwezi mpevu ndio bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, na kwetu huku siku za bamvua maji hupwa kama saa nne asubuhi hivi, hapo unaweza kutembea na watoto mpaka kwenye vidimbwi vya miamba muone kiti cha pweza na samaki wadogo. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hivyo ukienda wiki inayofuata saa ileile utakuta maji yamejaa. Wavalisheni viatu, kuna shokomzoba, wale wa miiba.

Eti likizo ni hisani ya bosi

Hapa kina mama wenzangu naomba msome polepole. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi zenye malipo kila baada ya miezi 12. Uzazi ni miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba, na likizo ya uzazi haili likizo yako ya mwaka, ni vitu viwili tofauti. Mahali nilipokuwa nafanya kazi zamani niliambiwa nikishachukua ya uzazi ndio basi mpaka mwaka ujao, nikaamini, nikarudi kazini na kifua kinavuja maziwa na siku zangu 21 zikapotea hivyo. Kitoto changu cha kwanza kile. Sitaki mtu mwengine adanganywe kama mimi.

Mwezi ujao trela likirudi mapema baba yao atakuwa na siku nne nyumbani, na nishaomba ofu zangu kwa maandishi. Binti anataka Gede tena, safari hii na daftari. Mvulana yeye anauliza kila usiku kama yule twiga atamjua.