Moyo kwenda mbio si lazima iwe presha

Pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, mama akishusha gunia la viazi moyo ukamwenda mbio, wenzake humwambia, "Mama, hiyo ni presha." Si lazima. Mapigo ni mara ambazo moyo hupiga kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia huwa na kati ya 60 na 100. Presha ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa, na ikipanda mara nyingi haitoi dalili yoyote. Hilo ndilo linaloniumiza, maana wengi husubiri kwanza kichwa kiume.

Njia ya kuijua ni kupimwa. Muuguzi atakukalisha kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, ndipo afunge mkanda wa kipimo. Ikisoma 140/90 au zaidi, yaani iko juu, kwa kawaida utapimwa tena siku nyingine.