Diko la watu wote: vyombo vya kituo chenu vitalala wapi?

Vijana wanaonijia wakitaka kuanzisha kituo cha kufundisha vyombo vya tanga huanza karibu wote na vyombo: vingapi, vya aina gani, nani atavifadhili. Mimi nawauliza vitalala wapi. Mwanafunzi hukaa chomboni saa mbili au tatu. Saa zilizobaki, usiku na mchana, chombo kiko mikononi mwa anayesimamia maegesho ya diko, yaani pale pwani vyombo vinapolala na kushusha. Hiyo ndiyo kazi yangu, upande wa magharibi wa Unguja, ambako kituo chetu cha jamii na maegesho ya umma vinatumia pwani moja na wavuvi.

Ugomvi mwingi wa diko huzaliwa na nafasi, na nafasi huliwa na maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita 4. Chukua mashua iliyotia nanga penye kina cha mita 2 maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa, kina ni mita 6. Ili nanga ing'ate mchanga na isiburute upepo ukichachamaa, amari, yaani kamba ya nanga, iwe kama mara tano ya kina, yaani mita 30. Maji yakipwa tena, zile mita 30 bado zimelala pale chini, na mashua inaweza kuzunguka duara lenye kipenyo kinachokaribia mita 60. Weka mashua kumi za namna hiyo na pwani imekwisha, na usiku zitagongana.

Tena hazizunguki pamoja. Boti ya faiba yenye ubavu mrefu juu ya maji hufuata upepo. Mashua nzito iliyozama vizuri hufuata mkondo. Upepo ukienda huku na mkondo ukienda kule, majirani wawili waliolala wakitazama upande mmoja huamka wamegeukiana omo kwa omo, pua kwa pua, kamba zimesokotana.

Dawa yake ni maboya ya kudumu: zege lililozamishwa, mnyororo mnene, kisha kamba fupi mpaka kwenye boya. Duara linapungua sana na nafasi inahesabika. Lakini zege lina hadaa yake. Likiwa nchi kavu linaonekana zito, majini linapoteza zaidi ya asilimia 40 ya uzito. Bloku la kilo 500 likifika chini ya bahari lina uzito wa kama kilo 285 tu. Ndiyo maana tunachimba na kulizika mchangani, tusiliache limekaa juu. Mnyororo nao hauliwi sawasawa. Kipande kinacholala mchangani kinadumu, na kinachoning'inia kinadumu. Kinachokwisha ni cha katikati, pale mnyororo unapoinuka na kulala kila wimbi linapopita. Mpiga mbizi wetu huvipima hivyo vipande siku za maji mafu, mkondo ukiwa mdogo na maji yakiwa maangavu. Pingu za kuunganishia mnyororo tunazifunga waya zisijifungue. Pingu moja iliyolegea inatosha kupeleka boti ya mtu ufukweni.

Ngalawa hatuzipi boya. Mirengu yake, ile miti inayotokeza ubavuni, inataka upana mkubwa, na chombo chenyewe watu wachache wanaweza kukisukuma mpaka mchangani. Kwa hiyo sehemu ya ufukwe ni ya ngalawa, na mbele ya mnada wa samaki hapawekwi chombo chochote kwa zaidi ya muda wa kushusha.

Kanuni hizi hazikuandikwa na kituo peke yake. Tulikaa na bwana diko anayeangalia shughuli za wavuvi pwani, sheha na wavuvi wenyewe, na ya kwanza tuliyokubaliana ni kwamba mvuvi hahamishwi pale anapolaza chombo chake siku zote. Naishikilia kwa nguvu zangu zote. Maegesho ya umma ni rahisi sana kugeuka kuwa ya wenye boti kubwa, kwa sababu wao hulipa haraka na kwa fedha nyingi. Anapewa mmoja nafasi nzuri, halafu wa pili, na mwisho mwenye ngalawa anaambiwa asogee kule kwenye miamba. Boti za watalii na vyombo vya wageni vinalipa ada kamili ya boya, mashua za mizigo zinalipa nusu, mvuvi anachangia kidogo cha usafi wa pwani. Ada hizo ndizo zinazonunua minyororo na petroli ya boti ya uokoaji, na ndizo zinazomfundisha mtoto bila malipo. Hesabu yake tunaibandika pale pale mnadani, kila mtu aisome.

Ratiba ya masomo inafuata mwezi. Huku kwetu siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa mnamo saa nne. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo mzee yeyote anayejua leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu atakuambia maji yako wapi bila kutazama jedwali. Watoto wakitoka skuli jioni za bamvua wanakuta maji yamejaa, ndipo tunapowapakia. Asubuhi za siku hizo hizo, maji yakiwa mbali, vyombo vimepwelewa na vimelala ubavu: ndio wakati wa kukwangua magamba, kupaka rangi na kutafuta matundu ya wadudu wanaotafuna mbao. Hatuhitaji winchi wala chelezo, bahari yenyewe inatutolea chombo nje na kukirudisha.

Upepo unataka hadhari zaidi kuliko maji. Wanafunzi wapya tunawapokea wakati wa tangambili, kaskazi na kusi zikipokezana na upepo ukiwa mwepesi. Kusi ikishika, upande wetu wa magharibi unahadaa. Ufukweni maji yametulia kwa sababu kisiwa kinatukinga, lakini upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini, na mbele kuna mkondo wa Zanzibar, ile bahari kati ya kisiwa na bara, yenye upana wa kilomita 35 hivi. Mtoto akishindwa kurudi hasukumwi ufukweni, anapelekwa nje. Kwa hiyo hakuna chombo cha mwanafunzi kinachoondoka kabla boti ya uokoaji haijawashwa injini na kuelea tayari. Petroli ikikosekana, somo siku hiyo ni la mafundo na kushona tanga.

Bendera tunazopandisha kuonyesha hali ya upepo, kijani, njano na nyekundu, nilijifunza kwa watu wa Boston, Marekani. Kule kwenye Mto Charles, Joseph Lee alianza miaka ya 1930 kuwapa watoto wa mjini nafasi ya kuendesha tanga, na kituo kilichotokana na kazi hiyo, Community Boating, kipo mpaka leo. Kwa miaka mingi mtoto alilipa dola moja tu kwa msimu.

Kuogelea ni sharti, bila ubishi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Kukulia pwani hakumfundishi mtu kuogelea; wengi wanajua kusimama kwenye maji ya kiunoni tu. Wasichana wana mwalimu wa kike, saa yao na mavazi ya stara wanayoyaridhia wazazi, na tangu tulipopanga hivyo mama zao nao wanaomba zamu. Jaketi okozi linavaliwa na kufungwa ufukweni, mwalimu akiwa wa kwanza.

Chombo cha kwanza kwa mtoto mdogo, nachagua Optimist. Clark Mills alikichora huko Florida mwaka 1947. Kina kilo 35, tanga lake ni dogo, na mtoto yuko peke yake na usukani. Lakini hamalizi mafunzo kwetu bila kuendesha ngalawa. Tanga letu linaning'inia kwenye foromali, ule mti mrefu unaopandishwa mlingotini, na huwezi kupitisha omo upepeni kwa wepesi. Unageuza kwa kupeleka tezi, yaani nyuma ya chombo, upepeni, foromali inasimamishwa na kupitishwa mbele ya mlingoti, halafu tanga linashikwa upya upande wa pili. Mmoja yuko usukanini, mmoja kwenye demani, ile kamba ya kukaza na kulegeza tanga, mmoja kwenye foromali, na kila ukigeuza unapoteza mwendo uliokwisha kuupata. Hapo ndipo kijana anajifunza kusoma upepo mapema na kusikilizana na wenzake.

Nawe unayetaka kuanzisha kituo chako, kabla ya kumwandikia mfadhili kaa na bwana diko wa kwenu mwezi mzima, tangu kuandama mpaka kuandama. Chora kila chombo kinapolala maji yakijaa na yakipwa, mnada uko wapi, wanawake wanaokota chaza wapi, mkondo unatoka vipi. Leta mchoro huo, tukae tuhesabu mita.