Dalali si wakala, shemeji

Shemeji yangu anatafuta nyumba ya kununua hapa Mwanza, Buhongwa au Nyegezi, popote ambapo gari inafika mlangoni bila kuparamia mawe. Jumapili alipita kwangu akaniambia, tena kwa kujiamini, "Wakala wangu ameshaihakiki hati." Nikamuuliza wakala gani. Kumbe ni kijana aliyempata wiki iliyopita: alimpakia kwenye bodaboda, wakaona nyumba mbili, akachukua elfu kumi ya kuzungushia. Na huko kuhakiki hati ni kwamba amepiga picha ukurasa wa kwanza, akamtumia WhatsApp.

Huyo ni dalali. Sijamtukana, hiyo ni kazi na ina jina lake.

Kwa kifupi, dalali humkutanisha mwenye kitu na mwenye hela, naye hula biashara ikikamilika. Wakala ni mtu uliyempa mamlaka ya kutenda kwa niaba yako, na alitendalo ndani ya mamlaka hayo linakufunga wewe. Basi.

Kinachonikera ni kwamba maneno yenyewe yanatuambia tofauti hiyo, ila hatuyasikilizi. Yote mawili yametujia kutoka Kiarabu. Dalali limetoka kwenye mzizi wa kuonyesha, kuelekeza, uleule uliotupa neno dalili. Tunasema dalili ya mvua ni mawingu. Wingu linakuonyesha mvua, lakini halijakuahidi kwamba itanyesha shambani kwako. Dalali naye ni mwonyeshaji. Ni mtu wa mnada, anayeinua kitu watu wakione huku akitaja bei, na maana hiyo bado tunayo kwa dalali wa mahakama. Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi uwaone madalali wa dagaa: gunia si lake, hela si yake, cha kwake ni mdomo.

Wakala ni wa ukoo mwingine kabisa, ukoo wa kukabidhi na kumwachia mtu jambo lako. Ndugu zake ni wakili na tawakali, ile ya kumwachia Mungu. Kwa Waarabu, wakala ni kazi yenyewe, na mtu anayeifanya ni wakili. Sisi tukagawa: wakili tukampeleka mahakamani, wakala tukamwachia shughuli nyingine. Yule dada wa kibanda cha kutolea hela anaitwa wakala kwa haki kabisa, kwa sababu pale dirishani anaisimamia kampuni ya simu. TANROADS nao wanaitwa Wakala wa Barabara kwa kuwa serikali imewakabidhi barabara zake.

Sasa mvishe jina hilo kijana wa bodaboda uone kama linamtosha. Umemkabidhi nini? Mwenye nyumba anataka milioni 45, wewe umetajiwa 48. Hizo tatu mtaani zinaitwa cha juu, na hakuna anayezionea aibu. Kwa dalali ni mazoea, ingawa mimi siyapendi. Kwa wakala ni habari nyingine: chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, aliyemtuma wakala anaweza kumdai faida aliyojipatia kwa siri katika shughuli aliyotumwa. Ukimwita dalali wakala unaanza kumtegemea kama wakala, na wakati huo hujamtuma kitu wala hamjaandikishana.

Mimi mwenyewe niliwahi kuonyeshwa kiwanja Luchelele, mawimbi unayasikia pale uliposimama. Dalali akavuta pumzi ndefu: "Kaka, upepo huu hata mjini hauuzwi." Hakusema uongo. Kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, hakugusia, nami sikumuuliza. Nilipohesabu hatua kutoka majini, nilikimaliza kiwanja chote kabla ya kufika sitini. Sikumlaumu. Aliahidi kunionyesha, na alinionyesha.

Kwa hiyo shemeji, kijana wako mlipe udalali wake kama mlivyoelewana, maana kumpandisha mtu vilima vya Mwanza kwenye jua la saa nane ni jasho. Ila upekuzi wa hati unafanyika kwa Msajili wa Hati, kwa namba ya hati. Huko ndiko utajua jina lililosajiliwa ni la nani, na kama nyumba imewekwa rehani benki. Picha ya simu haisemi hayo, wala haisemi kama mke wa muuzaji ameridhia. Nenda mwenyewe. Ukibanwa na kazi, mtume mtu kwa maandishi, na huyo ukiniambia ni wakala wako sitakukatiza tena.