Mahubiri ya mdundo hayakutoka kwenye rapu
Kuna ile meseji haiishi kwenye magrupu, eti wahubiri weusi wa Marekani wanaohubiri kwa mdundo mpaka mahubiri yanageuka wimbo wameiga rapu ili wavute watu kwenye tivii. Jamani, si kweli. Rapu imeanza New York miaka ya 1970, wakati santuri za mahubiri ya hivi zilikuwa zinauzwa Marekani tangu miaka ya 1920, nyingi ziko intaneti, sikiliza mwenyewe: mhubiri anaanza anaongea kawaida, taratibu sentensi zinakuwa fupi fupi, kila moja inaishia na pumzi nzito, "hah!", na waumini wanaitikia. Na mtindo wenyewe ni wa zamani zaidi ya hapo, ulikua kwa watumwa wa kusini mwa Marekani waliochanganya uitikiaji wa Afrika Magharibi na mikutano ya uamsho ya karne ya 18 na 19. Hata Wales kwa wazungu wahubiri walikuwa na mtindo wao wa kuhubiri kama wanaimba, wanauita hwyl. Tunachanganyikiwa kwa sababu wengi tumesikia rapu kwanza, na kweli zinafanana, ila waimbaji wengi weusi wa kule ndio waliolelewa kanisani. Meseji hii inaniuma kwa kweli, maana mahubiri haya ni sauti ya watu walioteswa. Ikikufikia tena usiifowadi, mrudishie aliyekutumia moja ya hizo santuri.