Bega likikataa kuinuka usikimbilie kukandwa

Sisi watu wa fizio, yaani tiba ya viungo, hapa Kisumu mabega tunayaona sana, wavuvi wa Dunga wanaovuta nyavu, wapaka rangi, vijana wa boda walioanguka wakajikinga na mkono, na wengi wanafika wakiwa wameshakandwa na kuvutwa wiki kadhaa juu mtu aliwaambia mshipa umeruka.

Bega ndio jointi inayozunguka kuliko zote mwilini na ndio maana inatoka kwa urahisi kuliko zote. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, kishimo chake hakina kina, kwa hivyo kinachokishikilia pale kati ni misuli minne na kano zake, zile kamba zinazounganisha misuli na mfupa, hiyo ndio inaitwa roteta kafu. Inayosumbua zaidi ni ya juu, supraspinatasi, ikilika au ikivimba unaskia uchungu ukiinua mkono kwa upande, na usiku ukililalia hilo bega hakuna usingizi. Eksirei haionyeshi kano, hiyo ni ya mifupa, kano inaonekana kwa ultrasaundi au MRI, ile mashine ya picha za sumaku.

Sasa hii naomba uishike. Kama mkono hauinuki, mwambie mtu akuinulie polepole. Mkono ukienda juu akiuinua yeye lakini wewe mwenyewe unashindwa, hasa baada ya kuanguka, kano inaweza kuwa imechanika na usikae nayo, iliyochanika ghafla hushoneka vizuri ikiwahiwa, ukingoja miezi misuli inajivuta nyuma na kunyauka. Lakini kama hata yeye anashindwa, bega limekaza tu pande zote, hiyo mara nyingi ni bega kuganda, inapata sana watu wa miaka 40 hadi 60 na wenye kisukari, na inaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu kuachilia.

Bega likionekana limebadilika umbo usijaribu chochote, wala usikubali livutwe nyumbani, kuna neva na mishipa ya damu karibu pale na mfupa waweza kuwa umevunjika pia. Funga mkono kifuani na leso uende hospitali.

Na kwa wengi wenye kano iliyochoka, operesheni sio ya kwanza, ni mazoezi ya fizio kama miezi mitatu, unafanya kila siku hata kama maumivu yamepungua, na tafadhali usiufunge mkono wiki nyingi bila kuambiwa, bega linakaza haraka sana.