Kabla lori halijafika Rusumo

Watu wananiulizaga kwanini uhamiaji unaleta ugomvi kati ya nchi na nchi wakati ni sheria tu, huna kibali unaondoka. Kazi yangu ni kesi za uraia na ukaazi, na jibu langu huwa linaanzia 2013.

Mei mwaka ule Kikwete, wakati huo Rais wa Tanzania, akiwa Addis Ababa alishauri Rwanda ikae mezani na FDLR, waasi wa Kinyarwanda walioko Congo, Kigali wakakasirika sana, na kumbuka wanajeshi wetu walikuwa wanaingia Congo kwenye ile brigedi ya UN iliyokuja kupigana na M23, waasi waliodaiwa kusaidiwa na Rwanda. Julai akiwa Kagera akatoa wiki mbili, asiye na vibali aondoke. Septemba ikaja Operesheni Kimbunga, msako wa wahamiaji haramu: Kagera, Kigoma, Geita. Sababu zilizotajwa zilikuwa za kweli, ujambazi wa silaha na mifugo kuingizwa kiholela, mtu wa Biharamulo anajua mabasi kusindikizwa na polisi kulikuwaje. Ila Mnyarwanda anayevushwa daraja la Rusumo, mpakani na Rwanda, na begi moja miezi minne baada ya Addis hawezi kuamini kwamba ni sheria tu, na serikali yake nayo haiamini.

Alafu shida yenyewe ni hii, asiye raia utamjuaje? Pale Ngara Mhangaza, ambaye ni Mtanzania, na Mrundi wanaelewana bila mkalimani, vitambulisho vya taifa vya NIDA wakati ule ndo kwanza vilikuwa vimeanza kutolewa, kwa hiyo ushahidi ulibaki lafudhi, barua ya mtendaji na maneno ya jirani ambaye labda mnagombania mpaka wa shamba. Wakaondolewa hadi watu ambao wazazi wao walikimbia Rwanda 1959, ndoa zikakatwa katikati, mama huku baba kule. Hili linaniuma mpaka leo.

Na 2014 nchi hiyohiyo ikawapa uraia Warundi kama 162,000, wale waliokimbilia kwetu 1972 na watoto wao! Waliandikishwa, wakahojiwa, wakasubiri miaka, na Burundi haikugombana na sisi kwa hilo. Mwaka huohuo Kenya, Uganda na Rwanda wakaanza kuvushana kwa kitambulisho cha taifa, sisi tukabaki na pasi, na itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 2010, inaruhusu hivyo maana nyaraka imeziachia sheria za kila nchi.

Sipingi kuondoa watu. Ninachodai ni waandikishwe kwanza, kila mtu asikilizwe na mwenye mamlaka ya kusema huyu ni wetu, na ubalozi wa jirani upewe majina kabla lori halijafika darajani.